Kibuyu cha Ushindi

Jumatatu, Nkwenda. Mvua imeanza alfajiri, nami nimeamka na hasira ambayo hata sala haijaipunguza.

Mume wangu, Jovin, anatapika nyuma ya nyumba. Tangu Kwaresima hakuwa amegusa pombe.

Yote yalianza na filamu. Vijana wa usharika walitundika shuka kwenye ukuta wa kanisa, wakatuonyesha habari ya mcheza mpira mlevi aliyeokoka, akarudi uwanjani, akafunga goli huku watu wakilia na kuimba. Jovin alilia kuliko wote. Zamani alikuwa mshambuliaji tishio hapa Kyerwa, kabla rubisi, pombe yetu ya ndizi, haijamfanya kichekesho cha sokoni. Alipiga magoti, wazee wakamwekea mikono, timu ya usharika ikampa jezi.

Nikaamini. Jezi ile nilikuwa naifua peke yake, kama nguo ya mtoto mchanga.

Juzi walicheza Bugomora, Jovin akafunga. Mzee wa kanisa mmoja, miongoni mwa wale waliomwombea, anaishi hukohuko, akatualika sote kwake. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunapakua ndizi na maharage. Kupitia mlangoni nikamwona mzee anaonja rubisi kwa mrija, kisha anampa Jovin kibuyu. Kwetu, mwenyeji akishaonja, mgeni wa heshima hakatai. Ukikataa, ni kama umesema nyumba ile ina sumu.

"Mzee, mimi niliacha," Jovin akasema.

"Najua, mwanangu. Hii si ya kulewa, ni ya kukushukuru. Onja tu, usiniaibishe mbele ya watu."

Onja tu!

Mwinjilisti wa usharika wetu alikuwepo, akaitazama sahani yake. Wachezaji wakapiga makofi. Jovin akanitafuta kwa macho. Mimi nimeshika bakuli, mke wa mtu mbele ya wazee, nikaendelea kupakua. Akainama, akanywa. Jana ibada ilipoanza, yeye alikuwa kilabuni.

Leo asubuhi mama mmoja wa kwaya kapita kunipa pole. "Shetani ana nguvu, dada," kaniambia. Shetani gani? Pombe ile hakupika shetani. Nilimjibu ahsante kwa sababu nimelelewa vizuri, lakini moyo ulikuwa unachemka. Jumapili watamtaja kwenye maombi kama ndugu aliyeanguka, na hakuna atakayeuliza nani alimsukuma.

Mungu nisamehe, watu wako wamenichosha.

Nimeshaamua. Mvua ikikatika naenda Bugomora. Nitamwamkia mzee shikamoo, nitangoja aitikie marahaba, adabu yangu haijaisha. Kisha nitamwambia, mkewe akisikia: mzee, mlimwombea nyote, mkamnywesha nyote. Sasa twende kwangu, ukae naye wewe akitetemeka.