Beki Namba Tano wa Odongo

Manyatta, Kisumu
12 Juni 1991

Kwako ndugu yangu Oketch,

Salamu nyingi huko Nakuru. Sisi tuko, na kuku wawili wametaga.

Nimesikia wewe ndiye utachagua mchezaji bora wa ile ligi ya vifuniko vya soda uliyowaanzishia vijana wa hapa. Usimpe straika tena! Mpe beki namba tano wa mwanangu Odongo. Mechi kumi na nane, magoli manne tu yamepita. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu hiyo naiona. Kifuniko chenyewe amekijaza nta ya mshumaa, ukikigonga hakitingishiki. Nani mwingine hapa Manyatta ana akili hiyo?

Wenzake wanamcheka: "Odongo, beki hapewi kombe, hupewa lawama!"

Kifuniko hicho amekiita Opiyo. Tangu tumzike pacha wake Opiyo wakati wa Pasaka, Odongo hali mpaka nimwulize Opiyo amecheza vipi. Akianza kunieleza, namtilia uji mdomoni. Jana nilikuwa nalia, sikuuliza. Hakula.

Kwa hiyo andika jina wazi, Opiyo, na utume haraka. Suruali ya Odongo sasa naifunga kwa kamba.

Dada yako akupendaye,
Perez