Herufi Tatu Kwenye Kaburi Lako

Baba,

Ulizikwa Jumatano, na mvua haikutuacha hata tukuage vizuri. Wiki sita baadaye Bwana wako, yule wa shamba la kahawa uliyempikia miaka ishirini na miwili, Mzungu yule, akakuletea jiwe la kaburi. Lilikuja kwa lori kutoka Mbeya mjini, limefungwa kwa magunia, limesuguliwa hadi linang'aa. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha, Iringa, nimekuja kumwona Mama kwa siku mbili. Baba mdogo alilipapasa jiwe kama anayechagua ng'ombe wa mahari, akasema, "Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupewa heshima hii." Mama akaniita niwasomee, maana mwenye Kiingereza pale nilikuwa peke yangu.

Nikasoma kimya kwanza. Jina lako moja tu, Ambakisye, kana kwamba hukuzaliwa na mtu. Chini yake: hapa amelala boi wetu mwema.

Boi! Sipambi maneno, mate yalinijaa mdomoni nikayameza. Mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu wanne, mzee wa kanisa, ndiye anayepelekwa mbele za Mungu kwa jina hilo la mvulana. Halafu unajua nilifanya nini? Nikadanganya. Nikasema kwa sauti, "Hapa amelala Ambakisye, mtu mwaminifu." Watu wakaitikia amina. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyolichukia jiwe.

Wewe ulilijua neno hilo kuliko mwalimu yeyote. Jumapili ukirudi nyumbani ulikaa kwenye kigoda chako ukimenya viazi, maana hata siku ya mapumziko mikono yako haikukubali kulala, na ulikuwa unatuigizia. Akifika Mzungu mwenzake kutoka Chunya, yule kibogoyo mchimba dhahabu, walipigana mabega wakaitana boi, wanacheka. Mtoto wao akirudi kutoka shule aliitwa boi huku anachezewa nywele. Wanaume wakikusanyika kunywa, wote walikuwa maboi. Hata mbwa akileta kiatu aliitwa boi mwema, tena akapewa biskuti. Maneno yale yale, Baba, ndiyo waliyokuandikia wewe. Nilikuuliza utajuaje kama unayeitwa ni wewe. Ukasema, "Mwanangu, langu linakuja na kengele ya mezani." Tulicheka mpaka machozi. Sasa sioni tulichokuwa tunachekea.

Niliporudi Iringa sikulala vizuri. Nikamwomba mkuu wa shule ile kamusi nene anayoifungia kabatini, nikitaka kujua kitu hiki kilizaliwa wapi. Kumbe zamani, huko kwao, halikuwa neno la mtoto. Lilikuwa la mtumishi, mtu duni, na mtoto wa kiume amelirithi baadaye. Kabla ya hapo hata wenyewe hawana hakika. Wapo wanaolitoa kwenye neno la Kilatini la pingu za miguu. Wengine wanabisha, wanasema lilianza vinywani mwa watoto wachanga wakimwita kaka. Basi huyo anayeitwa hivyo ni ndugu au ni mfungwa, na wasomi wao bado wanakuna vichwa! Niliifunga kamusi kwa kishindo mpaka mkuu akageuka kunitazama. Nilitamani uwepo nikuambie. Najua ungetaka kujua kama pingu zile zilikuwa na kengele.

Likizo ilipofika nikapanda basi kurudi nyumbani, na jioni ile ile nikamwambia Mama ukweli wa jiwe. Hakulia. Alisema tu, "Nilijua si hivyo. Nilikuona unavyomeza mate."

Baba mdogo ndiye aliyewaka. Hujui bado: amechukua kazi yako. Anavaa kanzu yako nyeupe, imembana mabegani, na kofia yako nyekundu. Anasema jiwe likiguswa Bwana atamfukuza. "Kaka yangu ameshapumzika," akaniambia, "mimi bado nina watoto wa kulisha." Nilimwonea huruma na kinyaa kwa pamoja, na kinyaa ndicho kilichobaki. Siku hizi hata ukimwita kwa jina lake anaitika kwa Kiingereza.

Jumamosi asubuhi niliazima patasi na nyundo kwa fundi wa kanisa, nikaenda kaburini kwako. Kwa Kiingereza neno lenyewe ni herufi tatu tu, lakini zilichongwa na mtu aliyeijua kazi yake. Ya kwanza ilinila saa nzima. Vidole vilitoka malengelenge. Baba mdogo alikuja, akasimama amefumbata mikono, akatema mate chini, akaondoka. Hatujasemeshana tangu siku hiyo. Kama wamemfukuza, mkono uliomfukuzisha ni huu unaokuandikia.

Sasa jiwe, kwa mpangilio wa Kiingereza chao, linasema wetu mwema, halafu pana shimo. Si kazi nzuri. Nilimwuliza Mama tumwite fundi achonge neno gani pale: baba, mume, mzee, au mpishi, maana mpishi ulikuwa kweli, tena hodari. Aliweka mkono wake juu ya jiwe.

"Paache hivyo hivyo," akasema. "Atakayetaka kujua alikuwa nani, aniulize mimi."

Lala, Baba. Kesho narudi Iringa, wanafunzi wananisubiri. Nakuahidi kitu kimoja: siku Mama atakaposhindwa kujibu, nitajibu mimi, na sitapunguza neno.

Ndaga fijo, Baba. Asante kwa yote.

Mwanao,
Atupele