Hadithi ya Samurai Niliyokukatiza

Baba,

Leo nimefungua sanduku lako la vitabu. Nimekikuta kile cha masamurai alichokupa fundi Mjapani kiwandani Rusayl, ulipokuwa mlinzi wa geti. Kitabu cha Kiingereza, na wewe pembeni umeandika kwa Kiswahili, kwa penseli, kila ukurasa. Nimekaa chini nacho, nikashindwa hata kukifunga.

Nnakumbuka ulivyokuwa ukitupa habari zao tukila. Kwamba hawakuanza kama mabwana. Mabwana khasa walikaa mji mkuu na mashairi yao na hariri zao, mashamba yao yako mbali, wakahitaji watu wa kuyalinda. Ndipo wakatokea hawa wa mikoani, wenye farasi na pinde, wakatumwa na wakadharauliwa, mpaka wakubwa walipogombania kiti cha ufalme wakawaita wao wawapiganie. "Hapo ndo walipojijua," ukisema, kijiko kimesimama hewani. Baadaye wakaweka serikali yao wenyewe. Mama akikwambia wali unapoa.

Sasa niseme ile siku. Tulipokwenda Qurum, mtaa wa wenye nazo, kumposa Salma, nilikwambia ndani ya gari: wakikuuliza kazi, sema ulikuwa serikalini. Uongo hukuuzoea, nami nnajua, nikakutia mtihanini vivyo hivyo. Kwenye majlis, chumba chao cha wageni, baba yake Salma akakuuliza. Ukaweka finjani chini, ukaanza taratibu, "Huko Japani, zamani, walikuwepo walinzi..." Nikaona unakokwenda. Nikacheka, nikakukatiza mbele za watu: "Mzee wangu na hadithi zake. Alikuwa afisa wizarani." Ukainama. Walipokuja kukumiminia tena ukatikisa finjani, ishara kuwa basi. Kahawa moja tu, wewe mpenda kahawa.

Njiani hukunisema. Wala masamurai hukuwataja tena, miaka sita, na mimi nikajifanya sioni. Mwanamme mzima.

Matangani kwako, mkwe wangu akawaambia watu kuwa marehemu alikuwa mtu wa wizara. Nikaitikia kwa kichwa. Wenzako wa getini wamekaa pale pale, wakanitazama. Wallahi, Baba, sikujua pa kuuweka uso wangu.

Jana nikamwambia Salma yote. Yeye akaendelea kukunja nguo za watoto.

"Nnajua," akasema. "Baba yako alinambia mwenyewe, mwaka ule tuliooana. Akaniomba nisikwambie kama nnajua, usije ukaona haya mbele yangu."

Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinisitiri, miaka yote hiyo.

Nisamehe, Baba. Allah akulaze pema, akupe nafasi kubwa kuliko ile niliyokunyima. Ijumaa tunakwenda kula kwa mkwe wangu. Nitasema mbele ya wote, na wakitaka wacheke, kwamba baba yangu alikuwa mlinzi wa geti Rusayl.

Mwanao,
Khalfan