Tulivyokaa Mlangoni kwa Stella

Gerezani, Dar es Salaam

Dada yangu Eliwaza,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukishuka shambani? Na Mama, dawa zake za presha anameza au anazificha chini ya mto kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Nikipiga utapokea ukiwa sebuleni, mama mkwe wako pembeni, na hutaweza kuniuliza unachotaka kuniuliza. Barua hii anakuja nayo Mama Furaha, anayekwenda huko Usangi kwenye harusi. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe.

Najua umeshaambiwa kwamba nimevunja nyumba ya shemeji yako Godlisten. Wewe ndiye uliyemwomba anipe kazi dukani kwake, na yeye ni mdogo wa mume wako. Una haki ya kusikia kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa.

Nilishakusimulia habari za Bi Zuhura, yule mama mtu mzima mwenye nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa, huku upande wa Gerezani. Jumapili duka likifungwa tulikuwa tunakaa uani kwake kufuma. Yeye anatufundisha vitambaa vya makochi, mimi nawafundisha masweta kama Mama alivyotufundisha. Mwenzetu mwingine ni Mama Shadya, anayekaanga samaki kule Feri. Siku ya kwanza alinicheka sana, akauliza sweta la nini kwenye joto hili, lakini sasa ananishinda kwa mkono mwepesi. Stella, mke wa Godlisten, nilimpeleka mimi. Kwao ni Singida, mjini hapa hakuwa na mtu, na kila siku nilimwona anashinda juu ghorofani peke yake. Alianza kwa kukaa kimya na uzi wake. Mimba ilipoanza kuonekana, alikuwa ndiye anayetuchekesha. Anafuma kofia ya mtoto, anakosea, Bi Zuhura anaifumua yote, anaanza upya bila kununa. Pale uani tulikuwa tunaambiana mambo ambayo hata kwako, dada, sijawahi kuyasema.

Kisha Stella akaacha kuja. Simu yake ikawa haipatikani. Nilipomuuliza Godlisten, alijibu bila kuniangalia: "Kaenda kwao, atajifungulia huko." Nikaamini, ila niliumia kwamba hakuniaga.

Siku hiyo ninayokuandikia habari zake, mteja alitaka mabegi ya jumla, nikapanda kuchukua mzigo stoo. Stoo yetu iko ghorofa ya tatu, inatazamana na mlango wa kwa Godlisten. Nikiwa naburuta boksi nikasikia mtu anagonga kwa ndani, taratibu, kama anayegonga kwa kucha.

"Aikande, ni wewe?"

Nje ya ule mlango kuna geti la chuma, na geti lilikuwa na kufuli.

"Stella? Si uko Singida?"

"Sijaenda popote. Nilimwambia nataka kujifungulia kwa mama, akasema hao wanawake wako wa uzi ndio wanaokufundisha kiburi. Kachukua simu, kafunga. Anafungua jioni akileta chakula." Akavuta pumzi. "Aikande, kichwa kinaniuma sijawahi kuona. Naona vimulimuli. Uso umevimba, hata macho hayafunguki vizuri."

Nilishuka nikamwendea Godlisten kwenye kaunta. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, nimemsikia Stella. Anaumwa. Tafadhali tumpeleke hospitali."

Akaendelea kupanga risiti. Kisha akasema kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, "Uko hapa kwa sababu ya dada yako. Rudi kwenye kazi yako."

Nilirudi kwenye kazi yangu, dada. Nilimfungia yule mteja mabegi yake. Halafu nikavua aproni ya duka, nikaiweka kwenye kiti, nikatoka. Nilikimbia mpaka kwa Bi Zuhura nikipishana na mikokoteni. Bahati nzuri Mama Shadya alikuwa amepitia pale akitoka Feri. Nilipofika kwenye habari ya vimulimuli na uso kuvimba, alisimama ghafla. Mdogo wake wa kuzaliwa alikufa kwa kifafa cha mimba, na alianza hivyohivyo.

"Tukingoja jioni tutakuta maiti," akasema.

Bi Zuhura akampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mama Shadya akaenda kwa mafundi wa chuma wa hapa Gerezani kutafuta mtu wa kukata geti. Mimi na Bi Zuhura tukatangulia. Lifti ilikuwa mbovu, na yeye magoti yake unayajua kwa nilivyokusimulia. Alipanda akishika ukuta, hakuniruhusu kumshika mkono. Tulipofika alikaa chini palepale mlangoni, akiegemea geti.

"Stella mwanangu, ni mimi. Tupo hapa na hatuondoki."

"Bi Zuhura," akajibu, na nikamsikia analia.

Godlisten alikuja mbio, maana majirani walishaanza kutoka nje. "Bi mkubwa, haya ni mambo ya nyumba yangu."

"Mambo ya nyumba yako sijayagusa," akasema Bi Zuhura. "Mimi nimemfuata mgonjwa. Fungua."

"Haumwi. Anadeka."

Ndipo akanigeukia mimi. "Aikande, ukiendelea kukaa hapo huna kazi. Na usiku huu nampigia kaka yangu. Dada yako atajua cha kufanya na wewe."

Nilikufikiria wewe, dada. Sitakuficha. Niliona sebule yenu, nikamwona mama mkwe wako anavyokutazama akikasirika. Nikakaa chini karibu na Bi Zuhura.

Tuliendelea kumsemesha Stella. Bi Zuhura alimuuliza habari za kofia, ipi kamaliza, ipi bado, ili asilale. Alijibu, akajibu kidogo, halafu akawa anaitikia tu. Halafu hakuitikia. Tukasikia kitu kimeanguka, na baada ya hapo kama kisigino kinachopiga sakafu, haraka haraka.

"Stella!" Nilipiga geti kwa viganja.

Muda huohuo Mama Shadya akatokea kwenye ngazi na fundi kabeba mashine ya kukatia chuma, mwenyekiti nyuma yao anahema. Mwenyekiti alisema neno moja tu, "Kata." Fundi akatafuta umeme kwa jirani. Mashine ilipoanza kulia, Godlisten akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. Alishindwa kuuingiza kwenye kufuli. Bi Zuhura akamnyang'anya akafungua.

Stella alikuwa sakafuni, povu mdomoni, macho yamegeuka. Mama Shadya alimlaza ubavu kama wauguzi walivyomwonyesha zamani, alipokuwa ameshachelewa kumwokoa mdogo wake. Wapagazi wa mtaani walimshusha kwenye khanga mbili za Bi Zuhura, na jirani mwenye gari akatupeleka hospitali. Madaktari walimpasua saa ileile.

Yuko hai, dada. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, bado yuko chumba cha watoto njiti, lakini ananyonya. Stella aliamka akiwa hakumbuki mlango wala sisi. Tukamweleza kidogo kidogo. Godlisten alikuja hospitali akasimama mlangoni na matunda. Stella alimwangalia, kisha akamwomba nesi afunge pazia. Polisi wamechukua maelezo yangu na ya Bi Zuhura. Akiruhusiwa atakaa kwa Bi Zuhura, chumba kimeshafagiliwa. Mimi pia nimehamia hapo, kwa sababu kile chumba nilichokuwa nalala kilikuwa cha duka.

Sasa nasikia wazee wa ukoo wa mume wako wanakaa Jumamosi, na kwamba utatakiwa unipigie mbele yao ili niombe radhi na nifute maelezo yangu polisi. Sitafanya, na nimeona nikuambie mapema ili usije ukaulizwa ghafla. Ukiona huna jinsi, sema hunijui tena. Nitaelewa, wewe una watoto katika ile nyumba. Lakini jana Stella kaniuliza, "Dada yako atasemaje?" Nikamwambia nitakuandikia.

Nisalimie Mama, usimweleze yote kwa siku moja. Mjomba Elinazi, mwambie jembe aliloniagiza sijalisahau. Watoto wabusu. Na shemeji Elibariki, mume wako, msalimie pia, kwa moyo mmoja. Mwambie mtoto wa mdogo wake ana paji la uso kama lake, na hajapewa jina bado. Stella anasema hatampa jina mpaka ajue kama huko mtoto ana baba mkubwa na mama mkubwa.

Mdogo wako akupendaye,
Aikande