Kompyuta Yako Tumeifuta

Ramadhani, mtani wangu, Mnyamwezi mzaliwa wa Zinga,

Shikamoo hupati. Nilikuzidi miezi mitatu tu, na sasa ndiyo basi, hutanifikia tena.

Siku ya maziko yako nilifanya kazi ya utani kama inavyompasa Mkwere. Nilivaa miwani yako, nikakalia kiti chako mbele ya waombolezaji, nikakohoa kama wewe na kusema, "Vumbi la karatasi hili, vumbi tu!" Watu wakavunjika mbavu. Mkeo, shemeji Tatu, alicheka huku analia.

Sasa habari za huku. Steshenari yako haina hata wa kuililia. Mwanangu Mwanaidi ameuonyesha mtaa mzima ukurasa mmoja wa mtandaoni, wa bure, hauulizi jina wala namba. Unapiga picha cheti chako, unakata kingo, unaziba kwa weusi usichotaka kionekane, na yote yanafanyika humo humo kwenye simu yako. Hayaendi kwa mtu. Mimi wa darasa la nne sikuamini, nikazima bando katikati. Ukaendelea kufanya kazi, mtani! Halafu hauna mdomo.

Wewe ulikuwa nao. "Leta, mzee mwenzangu, hapa kwangu ni siri." Mwanaidi alikuletea barua yake ya hospitali uiskani, ya kifua kikuu, apate ruhusa kazini. Jioni ile ile kijiwe kizima cha kahawa kikajua. Haikupita wiki, wale waliomposa kutoka Lugoba wakatuma mtu: wamesitisha. Nilipokuuliza ukasema, "Mimi nilitaja tu ili watu wamwombee dua." Dua! Na bado niliendelea kunywa kahawa na wewe. Sijui kwa nini. Labda sikuwa na mwingine wa kumtukana.

Wiki mbili zilizopita alikuja jamaa wa Msata kununua kompyuta yako. Shemeji akamwomba Mwanaidi aifute kwanza, maana kila aliyewahi kuskani kitu kwako bado yumo: talaka, hati za mashamba, vipimo vya damu. Nilikaa pembeni namtazama anafuta. Akafika kwenye faili lenye jina lako, akasita. Nikamwambia fungua.

Kifua kikuu. Umeandikiwa uanze dawa, miezi minane kabla hujafa.

Shemeji anasema hakuwahi kukuona na kidonge. Mwanaidi alimeza vyake miezi sita, leo anabeba ndoo mbili kwa mpigo. Wewe uliogopa kuonwa na kijiwe ulichokifundisha mwenyewe kusema watu. Umekufa kwa mdomo wako, mpumbavu wewe. Neno hilo nimelikata mara mbili, nimelirudisha.

Nilitaka kulisema hilo la ugonjwa wako kwenye arobaini yako. Mtani hupewa nafasi yake, na hakuna wa kukasirika. Maneno nilishayapanga, matamu kweli. Mwanaidi akaniambia, "Baba, acha hayo. Nyumba ile ina watoto." Akanipita, akaenda kumwambia shemeji chumbani, wawili tu. Wamepimwa nyumba nzima. Nami nimepimwa, niko safi, pole sana. Wamekutwa nacho wajukuu wako wawili, wale wa kike. Wanameza dawa. Anayekwenda kuwasimamia kila asubuhi ni Mwanaidi, ambaye tangu wale wa Lugoba wasitishe hajaposwa tena.

Basi lala, Ramadhani, na nikija huko nitaomba nizikwe mbali na wewe. Sijakusamehe. Lakini nakuahidi: siku ya arobaini nitakusema uchoyo wako, nitakusema miguu yako ya bata, nitasema ulivyokuwa ukipaka ndevu piko. Ugonjwa wako sitautaja, wala Mwanaidi hatautaja. Si kwa ajili yako. Wale mabinti wawili watakua, na siku moja watu watakuja kuwaposa.