Kaziye Mbili za Fanta

Bwiza, Bujumbura
12 Machi 2024

Mdogo wangu Moza,

Assalamu alaykum. Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Barua zako mbili zilifika. Karatasi ninayo na kalamu ninayo. Kilichokosekana ni uso wa kukuandikia. Natumaini kifua kimepungua na mvua za Kigoma hazikuzuii kwenda sokoni. Sisi tu wazima. Mke wangu Khadidja anakusalimu na anauliza kama bado unashona.

Uliuliza habari za kiwanja cha marehemu baba kule Kibenga. Unakumbuka kwamba nilimruhusu jirani, Callixte, apande lengalenga, ule mchicha wa huku, humo hadi tutakapoweza kujenga. Mwezi wa Oktoba, nilipopeleka matofali ya nyumba yako, alikwenda mahakamani kudai kwamba ardhi ni yake. Mahakama ikatoa zuio la muda: mimi na watu wangu tusikanyage pale mpaka kesi ya msingi iamuliwe. Yeye analima. Matofali yetu ameyapanga kuzunguka bustani yake.

Tulikata rufaa kupinga zuio hilo. Wakili wetu, Raihana, alieleza kwamba hati ina jina la baba na kwamba Callixte alikaribishwa tu. Rufaa ilisikilizwa wiki iliyopita. Callixte alipoulizwa ardhi aliipataje, alijibu kwamba alipewa na Mzee Majid mwenyewe, yaani mimi, kisha akanigeukia na kuniuliza kama Fanta ile ilikuwa tamu. Watu walicheka. Hata karani alicheka.

Sasa nikwambie nilichomficha Raihana. Miaka sita iliyopita, siku ya pili ya Idi, Callixte alileta kaziye mbili, yaani kreti mbili, za Fanta kiwanjani, akazifungua mbele ya majirani wanne, akasema ananishukuru kwa ardhi niliyompa. Wewe umezaliwa hapa. Unajua kwamba aliyepewa ardhi huleta pombe, na anayeinywa mbele ya mashahidi amekiri kwamba ametoa. Nami nilijua. Angeleta pombe ningeikataa, na jambo lingeishia pale. Alileta Fanta kwa kuiheshimu dini yangu, nami nikajidanganya kwamba pasipo pombe hapana makubaliano. Nilikunywa chupa mbili. Majirani walinisifu kwa ukarimu, nikapendezwa, nikanyamaza, mimi ninayesahihisha kila mtu.

Raihana aliponiuliza, nilimwapia kwamba sijapata kunywa chochote na mtu yule, naye akayaandika hayo katika rufaa. Ndipo kule mahakamani Sylvère, mmoja wa majirani wale, alipotoa simu yenye picha: nimeshika chupa, ninacheka. Raihana alifunga faili lake polepole. Tulipotoka aliniambia kwamba ukweli angeweza kuutetea.

Kwa hiyo usirudishe funguo za nyumba uliyopanga. Uliandika kwamba utahamia huku mwisho wa Aprili. Mwambie mwenye nyumba kwamba unabaki, na akiuliza sababu, mwambie ni kaka yako.

Uamuzi utasomwa tarehe ishirini na sita. Raihana hatarajii kitu, nami sitarajii. Siku hiyo hiyo nitakuandikia, na safari hii sitaacha neno.

Nisalimie wanao. Mungu akutunze.

Kaka yako,
Majid