Vigelegele vya Shangazi Mannoubia

Na hivi kweli, Shangazi, hofu ya kubana pumzi kwenye mashine ndiyo inayokuzuia kuja Tunis kutibiwa pafu?

Jana tulitazama tena video ya harusi yetu. Wiki tatu sasa, na bado nikimwona Slah wangu moyo unaruka! Ulipoanza vigelegele humo kwenye video, yeye, mwendesha mashine ya mionzi hospitalini, akatazama saa, kisha akaniambia:

“Sekunde ishirini na sita, pumzi moja! Na huyu ndiye anayesema hawezi? Mimi nataka ishirini tu, uvimbe utulie, niupige mionzi. Mwambie avute pumzi kama anataka kunipigia vigelegele, halafu avimeze.”

Umecheka? Basi funga mzigo. Tunakuja Gafsa kukuchukua kabla mwezi haujaisha.

Mwanao mwenye raha zote,
Rafla